Magari ya Zamani Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kununua, Kutunza na Kuuza

Nina Land Rover ya 1966 na Peugeot 404 ya 1967, zote mbili zinatembea, na kabla yake nilikuwa na Volkswagen Beetle niliyoiuza. Siyo biashara yangu. Nimekaa na magari haya Chumbageni miaka mingi sasa, na kila nikienda nayo sokoni au Raskazone jioni kuna mtu atakayenisimamisha aulize. Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu ninayoyaamini.

Gari la zamani ni lipi, na mkweche ni upi?

Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, linahesabu kuanzia miaka 30. Kipimo hicho kinafaa, lakini umri peke yake hautoshi. Gari la miaka 30 lililobadilishwa injini mara tatu, likakatwa bodi na kufungwa taa za gari jingine, linaweza kubeba mkaa vizuri sana, ila si gari la kukusanya. Mimi huangalia vitu viwili: kama bado lina sehemu zake lilizotoka nazo kiwandani, na kama historia yake inajulikana. Nani alilinunua likiwa jipya, lilifanya kazi wapi, lilikaa juu ya mawe miaka mingapi. Gari lenye majibu ya maswali hayo nitalifuata hata kama haliwaki.

Kwa nini watu wanasema Tanga kuna magari mengi ya aina hii?

Sababu ni mkonge. Miche ya kwanza ililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Mashamba ya Muheza, Ngomeni, Korogwe na kwingineko yalihitaji Land Rover za mameneja, malori ya Bedford na matrekta, na yalikuwa na karakana zake zenye mafundi wa kweli. Mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967, kisha bei ya mkonge ikaporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki, magari yalibaki. Mengine yaliuzwa kwa wafanyakazi, mengine yalisukumwa nyuma ya bohari yakaota nyasi.

Usitegemee kuwa bado yako mengi yanayokusubiri. Bei ya chuma chakavu ilipopanda, wanunuzi wa skrepa waliingia hadi vijijini na gesi za kukatia. Nimewahi kufika mahali nje kidogo ya Muheza siku nne baada yao. Kilichobaki ni alama ya mafuta meusi chini ya mwembe na mlango mmoja wa Bedford, umewekwa kuzuia kuku.

Nianze na gari gani?

Anza na gari ambalo fundi wa mtaani kwako amewahi kulishusha injini. Hilo ndilo jibu langu siku zote, na kwa Tanga linaacha majina machache.

Land Rover za Series ndizo za kwanza. Zilianza 1948, Series II ikaja 1958, Series III 1971. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, kwa hiyo haili kutu kama bati la kawaida, na kila kitu kimefungwa kwa nati na boliti. Injini ya petroli ya lita 2.25 inavumilia mno. Anayejua kutumia spana atajifunza gari zima kwa mwaka mmoja. Ukitaka kutambua umri haraka, angalia taa kubwa: zikiwa katikati, kwenye wavu wa mbele, gari ni la kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, zikiwa kwenye madigadi, ni la baadaye. Lakini usiamini taa peke yake, madigadi hubadilishwa.

Peugeot 404 ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland wa hapa hapa Tanzania. Ni gari lililojengwa kwa barabara mbaya: springi laini, magurudumu yenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, bodi nzito. Ukipita nalo njia ya vumbi ya kwenda Pangani utaelewa kwa nini wazee hawakutaka kuachana nalo. Mdogo wake, 504, ni rahisi zaidi kwa spea kwa sababu iliunganishwa pia Kenya.

Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe, ni rahisi kuitunza: haina rejeta, injini inapozwa kwa hewa, na watu wawili wanaweza kuishusha kwa saa moja. Iliendelea kutengenezwa Meksiko hadi 2003, kwa hiyo sehemu zake mpya bado zipo duniani. Ubaya wake hapa pwani ni sakafu. Nitarudi kwenye sakafu.

Mercedes za W123, zilizotoka kati ya 1976 na 1985, ni nzuri na dizeli zake hazichoki, ila gharama ya kuzirudisha vizuri ni kubwa kwa anayeanza.

Gari ni zuri lakini kadi ina jina la marehemu. Ninunue?

Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka uone barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Naandika hivi kwa kuumia.

Hiyo 404 yangu niliipata Korogwe, kwa mama mmoja mtu mzima sana. Ilikuwa chini ya banda la makuti, vioo vyote vizima, vitambaa vya viti vimefunikwa kwa khanga. Nilimwamkia, akanikaribisha, tukakaa. Akaniambia, "Mwanangu, gari hili mume wangu alikuwa akiliosha kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali. Mimi silitaki lioze." Tukakubaliana bei, nikalipa, tukaandikishana mbele ya mjumbe na mashahidi wawili. Nikaona nimemaliza.

Miezi mitatu baadaye nikaenda kubadilisha umiliki. Nikaulizwa msimamizi wa mirathi ni nani. Hakuwepo, familia haikuwahi kufungua mirathi. Kisha akajitokeza mtoto mkubwa wa marehemu kutoka mkoa mwingine, akasema gari ni la watoto wote na yeye hakushirikishwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haki yake, na mimi ndiye niliyekosea utaratibu. Ilichukua zaidi ya mwaka: kikao cha ukoo, maombi Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kusubiri pingamizi, ndipo msimamizi akateuliwa na kusaini mkataba mpya. Nililipa nyongeza ili kila mtoto aridhike, na sikujuta, maana yule mama alikuwa bado hai kuliona gari likitoka bandani kwa moto wake lenyewe.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: barua ya msimamizi wa mirathi kwanza, mkataba wa mauziano anaousaini yeye mbele ya wakili, kadi halisi mkononi, TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji na ya mnunuzi, kisha TRA, mamlaka ya mapato. Magari mengi ya zamani hapa kwetu yana kadi za waliokwisha kufariki, kwa hiyo suala hili utalikuta kabla hujakuta gari lenye kutu.

Na kama kadi imepotea kabisa?

Aliyeandikishwa ndiye atoe taarifa polisi na aombe nakala ya kadi, si wewe. Muuzaji akikwambia "chukua tu, kadi utaifuatilia mwenyewe," huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Magari ya mashirika ya umma na ya mashamba yaliyouzwa kwa mnada yanahitaji karatasi za mnada. Bila hizo, namba ya SU au ya zamani inayoanzia TZ itakusumbua.

Nimeonyeshwa gari lenye namba za Kenya, bei nafuu sana.

Horohoro iko karibu, na gari huingia kwa kibali cha muda. Kibali kikiisha na gari likabaki, ushuru unadaiwa. Forodha wakilikamata, halitakuwa lako wala la aliyekuuzia. Uliza karatasi za forodha, si kadi ya Kenya.

Nikague nini nikifika kwenye gari?

Nenda asubuhi, gari likiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaliwasha kabla hujafika, shika boneti. Ukikuta ya moto, uliza kwa nini.

Beba sumaku ndogo, bisibisi kuukuu na tochi. Sumaku ipitishe taratibu kwenye bodi ya bati: ikiachia mahali, hapo chini kuna pati, si chuma. Kwa Land Rover sumaku haitashika paneli za alumini hata kidogo, na hiyo ndiyo dalili nzuri. Kilicho cha chuma kwenye Land Rover ni hasa chesisi na ukuta wa mbele ya miguu, na hivyo ndivyo vinavyooza. Lala chini ya gari. Gonga chesisi kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kigae kilichopasuka. Sehemu ya nyuma kabisa, panapofungwa ndoano ya kuvutia, na pale mikono ya springi inaposhika, ndipo maji na matope yanapokaa. Ukipaona pamechomelewa bati juu ya bati, fikiria gharama ya chesisi nzima.

Sisi wa Tanga tuna adui ambaye watu wa Lushoto hawamjui kwa kiwango hicho: upepo wa bahari. Gari lililolala Raskazone au Sahare miaka kumi si sawa na lililolala Mombo. Chumvi huingia ndani ya milango na kwenye kingo za sakafu, ikala kutoka ndani kuja nje, hivyo rangi inaweza kung'aa huku bati likibaki jembamba kama karatasi. Kwa Beetle inua kiti cha nyuma, ondoa betri ambayo hukaa hapo chini, uangalie sakafu yake. Tindikali ya betri na unyevu wa pwani vikikutana hapo, utaona ardhi. Ukiwa hapo hapo, namba ya chesisi ya Beetle imegongwa kwenye mgongo wa katikati, chini ya kiti hicho. Ya Land Rover za Series II na III tafuta kwenye mkono wa springi ya mbele kulia. Safisha kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka isomeke. Lazima ifanane na kadi tarakimu kwa tarakimu. Namba ya injini kutofanana ni kawaida kwa gari la miaka 50, lakini mabadiliko hayo yawe yameandikishwa.

Injini iliyogoma mimi huwa hainitishi. Injini inatengenezeka. Kinachonitisha ni vitu vidogo vilivyopotea: vioo vya kona, vitasa, mita za dashibodi, fremu za taa. Kutafuta mshale wa mita ya joto wa 404 kulinichukua muda mrefu kuliko kufanya ovahoo ya injini yake.

Je, niagize kutoka nje?

Sheria yetu haikatazi gari kwa sababu ya umri, tofauti na Kenya ambako gari la zaidi ya miaka 8 haliingii. Lakini kuna ushuru wa forodha wa 25%, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, nyongeza ya ushuru wa bidhaa kwa uchakavu wa umri, na VAT ya 18%, ambayo huhesabiwa juu ya jumla ya bei na ushuru uliotangulia. Viwango hubadilika kila bajeti ya Juni, kwa hiyo pata hesabu TRA au kwa wakala wa forodha kabla hujatuma pesa. Kwa maoni yangu, fedha hizo zitumie kuokoa gari lililoko hapa ambalo linasubiri kukatwa. Lina usukani upande wetu tayari, na limeishi nasi.

Nitajuaje bei ya haki?

Hakuna jedwali la kuaminika kwa magari haya hapa kwetu, na madalali wanajua hivyo. Fanya hesabu kinyume. Kadiria gari hilo likiwa zima mtu angelinunua kwa kiasi gani, toa gharama ya bodi, injini, breki, tairi, vitambaa na rangi, kisha toa tena kiasi cha kutosha kwa yale ambayo hujayaona, maana yapo. Kinachobaki ndicho cha kumtajia muuzaji. Mara nyingi utakuta gari zima la bei ya juu ni nafuu kuliko bovu la bei ya chini. Mimi mwenyewe nililipia Land Rover yangu mara mbili na nusu ya bei niliyoinunulia kabla haijafika Pongwe na kurudi bila kuvutwa.

Na mzee akikutajia bei ndogo kwa sababu hajui thamani ya alichonacho, mwambie ukweli. Tanga si kubwa, mtakutana tena.

Spea napata wapi?

Kwa 504, Land Rover na Mercedes, Gerezani kule Dar es Salaam bado wanazo, na Mombasa si mbali. Nairobi kuna Kirinyaga Road. Kwa Series, Uingereza kuna maduka yanayotengeneza upya karibu kila kitu, hadi chesisi mpya iliyopakwa zinki, ambayo kwa mtu wa pwani ni jambo la kuombea. Chukua kitu cha zamani mkononi ukienda dukani. Usiende na jina tu. Na usitupe kilichovunjika mpaka kipya kimefungwa na kimefanya kazi.

Mafundi wachongaji wa Ngamiani wamenitolea bushi na pini ambazo sikuzipata popote. Wape sampuli, wape muda, na walipe vizuri.

Petroli ya siku hizi itaua injini yangu?

Inategemea. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu kwenye injini za zamani zenye kichwa cha chuma. Ukiendesha taratibu ndani ya mji utakaa miaka bila tatizo. Ukipandisha mlima wa Lushoto kila wiki na mzigo, valvu zitazama polepole kwenye viti vyake na nafasi itapungua. Pima nafasi ya valvu mara kwa mara, na siku kichwa kikifunguliwa, waambie mafundi waweke viti vigumu.

Fundi umeme amefunga alteneta mpya ikaungua siku hiyo hiyo.

Huenda gari lako ni la chanya kwenye bodi. Land Rover za kabla ya takriban 1967 na magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule yalifungwa waya chanya wa betri kwenye chesisi, kinyume na magari ya leo. Fundi kijana akifunga kwa mazoea, diodi za alteneta zinakufa hapo hapo, na redio pia. Andika kwa rangi nyeupe juu ya boksi la betri. Beetle nyingi za kabla ya 1967 nazo ni za volti 6, si 12.

Nipake rangi upya au niache ilivyo?

Kama rangi ya kiwandani bado inashika, iache. Najua vijana wanapenda gari ling'ae. Lakini upande wa dereva wa Land Rover yangu, chini ya rangi ya kijani iliyopauka, yanasomeka maandishi ya shamba la mkonge lililoimiliki, yamepigwa kwa brashi na mtu aliyekuwa na mkono mzuri sana. Nikipaka, nimeyafuta. Zuia kutu, tia mafuta ndani ya chesisi, badilisha breki na mikanda yote bila kuhurumia fedha, na kama gari halina mikanda ya usalama funga. Breki za zamani zina asbestosi, kwa hiyo usipulize vumbi lake kwa hewa wala mdomo, lowesha kwanza.

Bima?

Bima ndogo ni lazima na haina shida. Bima kubwa omba tathmini ya maandishi yenye picha, la sivyo watalihesabu kama gari kuukuu.

Nataka kuuza. Nifanyeje?

Lioshe, lakini usilipambe. Usipake rangi chini ya gari wiki ya kuuza. Mnunuzi anayejua ataona unaficha. Nilipouza Beetle niliandika karatasi mbili: moja ya yote niliyotengeneza na risiti zake, nyingine ya yote mabovu, kuanzia sakafu ya kushoto iliyochomelewa hadi gia ya pili iliyokuwa ikiruka ikipoa. Mnunuzi alisoma ya pili mara tatu, akanyamaza, kisha akalipa nilichotaja. Hadi leo ananipigia kunijulisha limefika wapi.

Gari la kujaribu mpe mtu mwenye leseni, na uwe ndani naye. Pesa ipitie benki. Kabla ya kukabidhi, angalia kama gari linadaiwa faini za trafiki, kwa sababu hufuata namba. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, lakini uliza TRA kama kuna kumbukumbu ya deni la nyuma. Kisha nendeni wote wawili mkabadilishe umiliki siku hiyo hiyo. Gari lenye jina lako likigonga mtu Segera, utatafutwa wewe.

Mzungu ananipa bei kubwa alisafirishe kwao. Niuze?

Bei hizo ni za kweli. Marekani gari likitimiza miaka 25 linaruhusiwa kuingia bila masharti ya usalama ya magari mapya, na Uingereza likitimiza 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara. Ndiyo maana Series na Land Cruiser za FJ40 zinafuatwa hadi huku. Ukiamua, hakikisha usajili unafutwa kwa utaratibu na gari linatoka kwa karatasi za forodha. Mimi nimekataa mara mbili. Sikulaumu wewe ukikubali kwa ajili ya ada ya mtoto, lakini muulize kwanza kijana wa hapa anayelitaka kama anaweza kulipa kidogo kidogo.

Wewe mwenyewe ukifariki, magari yako yataenda wapi?

Swali hili aliniuliza mwanafunzi mmoja wa ufundi, kwa adabu kabisa, baada ya kusikia habari za 404. Nikaona sina jibu. Wiki ile nilinunua daftari. Kila gari lina kurasa zake: namba ya chesisi, namba ya injini, kadi iko wapi, nani fundi wake, nini kinadaiwa, na nani nimemwandikia katika wosia. Land Rover ni ya binti yangu mkubwa, ambaye tayari anajua kurekebisha pointi za distributa kwa jani la wembe na kulisikia likiwa limekaa sawa. Daftari liko kwenye droo ya kabati pamoja na funguo, na droo haifungwi.